Kidonge Kabla ya Maziwa

Mkwe wangu ni fundi makochi, na simsifu kwa sababu ni wa kwangu. Mpe kochi lililobonyea katikati. Atalivua kitambaa, atakaza mikanda, atapanga springi upya na kurudisha sponji, na ukilikalia utadhani limetoka dukani jana. Mwanangu hupiga misumari na kubeba. Mkewe ndiye anayekata na kushona. Karakana yetu iko mbele ya nyumba, tumetenganishwa nayo kwa mlango mmoja tu, na vumbi la sponji kuukuu halijui mlango.

Kwa ajili ya vumbi hilo nyumba yetu ina sheria: hakuna anayegusa kazi kabla ya kunywa kikombe cha maziwa moto. Sisi mafundi tuliorithi kazi hii kwa baba zetu tunaamini kwamba maziwa husafisha koo. Mke wangu huyachemsha kunapokucha, humpa kila mtu kikombe chake, kisha husimama hapohapo mpaka kirudi kitupu.

Tangu waoane, watoto hawakuja. Mwaka wa kwanza watu walitania, wa pili wakauliza, wa tatu wakaanza kunong'ona. Mkwe wangu mwenyewe alikuwa akibadilika. Alinenepa ingawa hakuwa akila sana, nywele zake zilibaki kwenye kitana, na usingizi ulimchukua akiwa ameketi. Siku za jua kali, wakati sisi tunatiririka jasho, yeye alikuwa kwenye cherehani amevaa sweta. Mume wake akamwita Sweta, naye akalipokea jina kwa kicheko. Mambo ya mwezi wake alimwambia mke wangu, maana hayo baba mkwe haambiwi: yalikuja yanapotaka.

Hospitalini walimpima damu, wakasema ni tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Inafanya kazi kivivu. Ikizembea, mwili mzima huzembea nayo, hata yai la uzazi linaweza kukosa kutoka kwa wakati wake. Wakampa kidonge cha kumeza kila asubuhi.

Miezi ikapita. Kipimo kikarudi vilevile, kiko juu. Daktari akaongeza dozi, na kipimo kikagoma tena.

Hapo ndipo dada yangu mkubwa alipopata mlango wa kuingilia. Nyumba nzima tunamwita Shangazi, hata mimi.

"Vidonge anavitupa," alisema. "Mtu anameza dawa, damu haibadiliki? Anatufanya watoto wadogo. Mimi nimeshaona binti, tena nimewaambia wazazi wake tutakwenda mwisho wa mwezi."

"Umewaambia kwa ruhusa ya nani?" nikamuuliza.

"Kwa ruhusa ya umri wangu."

Mwanangu alitupa nyundo chini. "Shangazi, mimi siendi."

"Basi baki na misumari yako. Siku ya kwanza wanakwenda wakubwa."

Mkwe wangu alikuwa mlangoni na kipande cha kitambaa begani. Alisikia kila neno. Kesho yake alikwenda kliniki peke yake.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wote mezani, Shangazi akiwemo, kwa kuwa alikuwa amelala kwetu. Mke wangu akamnyooshea mkwe wake kikombe.

"Ahsante, mama. Mimi sinywi sasa."

Nilisikia kijiko cha Shangazi kikitua kwenye sahani.

"Hunywi nini?" akauliza mke wangu.

"Maziwa, mama. Nitakunywa baadaye."

"Kwani nimeyatilia nini? Tangu uingie nyumba hii ninayekuamkia alfajiri ni mimi, ninayekuchemshia ni mimi. Leo mkono wangu unanuka?"

"Haunuki, mama. Nisikilize kwanza."

"Aha!" Shangazi akadakia. "Ameanza na vidonge, sasa amefika kwenye maziwa. Kesho atakataa na maji ya kuoga."

Mkwe wangu akasimama. Ni mtu mfupi, lakini asubuhi ile alituangalia kama anayepima kochi kabla ya kulikata.

"Jana daktari aliniambia nimsimulie asubuhi yangu, kila kitu tangu ninapofumbua macho. Nikamwambia naamka, nanawa, napewa maziwa, namezea kidonge changu hapohapo. Akaweka kalamu chini. Kumbe dawa hii na maziwa haviivani. Maziwa yanaikamata tumboni, haiingii mwilini inavyotakiwa. Inataka maji matupu na tumbo tupu, halafu nikae saa nzima bila kitu. Maziwa yasogee mbali zaidi. Muda wote huu nameza dawa, na sehemu kubwa inapotea. Sikutupa hata kimoja, Shangazi. Hata kimoja."

Mke wangu aliketi, kikombe bado mkononi. "Kwa hiyo ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi niliyekuwa nakuzuilia mtoto."

"Wala si wewe. Ni vumbi la sponji, mama. Tungekuwa wauza maua ningeshapona."

Mwanangu ndiye aliyecheka kwanza. Mama yake akamfuata, huku akifuta macho kwa ncha ya kanga. Shangazi hakucheka.

"Maneno matamu hayo," akasema. "Safari ya mwisho wa mwezi iko palepale. Nimeshatoa ahadi, na mimi si mtu wa kutafuna ahadi."

"Vizuri," mkwe wangu akajibu. "Basi nami nitakwenda."

"Wewe? Ukafanye nini?"

"Si mnakwenda kuzungumza habari za nyumba yangu? Nami nimo."

Nikasema mimi ndiye mkubwa wa msafara, na kwamba nakubali. Shangazi alinitazama kama mtu aliyechomwa na sindano iliyosahauliwa kwenye mto wa kochi.

Mke wangu alibadilisha utaratibu wake siku hiyohiyo. Akawa anamgongea mkwe wake dirisha akiwa na glasi ya maji, na maziwa yake yakahamia mchana, baada ya chakula. Safari ilipokaribia, damu ikapimwa tena. Kipimo kilikuwa kimeanza kushuka, kinaelekea panapotakiwa. Daktari hakumwahidi mtoto. Alimwambia tu kwamba tezi ikitulia, njia inafunguka, na kwamba mume naye apimwe ili wasibahatishe. Mwanangu alikwenda kupimwa siku ileile, bila kubembelezwa.

Mimba ilikuwa bado. Shangazi alihakikisha tumelisikia neno hilo njia nzima. "Bado. Eti kinashuka! Tumbo ndilo tunalotaka lipande."

Kwa kina binti tulipokelewa vizuri. Shangazi akapewa kochi kubwa la sebuleni, sisi viti. Baba wa binti akauliza huyu mwanamke kijana ni nani.

"Mimi ndiye mke," mkwe wangu akasema kabla Shangazi hajafungua mdomo. "Nimekuja mwenyewe ili msije mkaambiwa sipo. Nina ugonjwa wa tezi, nautibu, na mume wangu hatafuti mke mwingine. Binti yenu sina ugomvi naye. Mtoto akija atanikuta nyumbani kwangu. Asipokuja, yeyote atakayekuja kuuliza atanikuta hapohapo."

Nyuma ya pazia binti akasema kwa sauti, "Mama, si nilikwambia mimi sitaki?"

Baba yake aligeuka kunitazama. Nikamwambia, "Umesikia. Nyumba yangu haina la kuongeza."

Shangazi alitaka kuinuka aondoke kwa hasira. Kochi halikumruhusu. Springi za katikati zilikuwa zimekufa zamani, na kila alipojikaza ndivyo alivyozidi kuzama, magoti yakipanda kuelekea kidevuni.

"Mnaniangalia nini?" akafoka. "Nisaidieni!"

Mkwe wangu akamfuata, akamshika mikono yote miwili na kumvuta mpaka akasimama. Kisha akainama, akabonyeza kochi kwa kiganja, akamgeukia mwenye nyumba.

"Hili linatengenezeka, baba. Lakini mtalileta karakana."