Mkwe Ndani ya Tenga

Kwa zaidi ya miaka kumi Evarista alimjua mkwewe kwa viatu. Vilianza vyeusi vya kamba, vile vya siku ya mahari. Vikaja vya kahawia vilivyolika kisigino upande mmoja, na siku hizi zilikuwa raba nyeupe ambazo binti yake Gladness alimnunulia mumewe. Zaidi ya hapo hakuwa na habari. Thobias akija Hombolo kusalimia, mama mkwe anavuta khanga hadi kwenye nyusi na kupitia nyuma ya nyumba. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Jina lake hakuwahi kulitamka, na salamu zao zote zilipita kwa Gladness. Siku alipozikwa Henry, mume wa Evarista, Thobias alibeba jeneza bega la mbele, naye mjane akalia ameelekea ukutani asije akamtazama. Ndivyo ukoo ule wa Kigogo ulivyofundishwa heshima, na Evarista hakuwa mtu wa kuivunja.

Ndipo likaja puto. Lilikuja mwezi wa sita, uwele umeshavunwa, anga haina hata kipande cha wingu. Kampuni fulani ya utalii ilipiga kambi ng'ambo ya bwawa, na kila alfajiri lile dude la rangi ya chungwa lilipaa na kupita juu ya zabibu za Evarista likikoroma moto. Mara ya kwanza alilipungia mkono. Waliokuwa juu wakampungia, wakacheka, wakampiga picha. Halafu akawaona wakiwapungia mbuzi wake, kwa mkono uleule na kicheko kilekile. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alikuwa na miaka sitini na saba, amezaliwa pale, amezaa pale, ameiinamia ile ardhi mpaka mgongo ukakubali kubaki hivyo, na leo watu waliofika juzi wanaijua sura ya shamba lake kuliko yeye.

Aliposema anataka kupanda, Batholomeo alicheka hadi akakohoa. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu Henry na msemaji wa ukoo, mtu ambaye hata harusi za wengine alikuwa akizitolea ruhusa.

"Bibi mzima, unatafuta nini mbinguni kabla hujaitwa?"

"Nataka kuliona shamba langu, shemeji."

"Si unaliona kila siku?"

"Naliona miguu," alisema Evarista. "Uso wake sijawahi kuuona."

Gladness, aliyekuwa amekuja likizo na mumewe kutoka Dodoma mjini, aliyasikia maneno hayo akiwa jikoni. Hakuuliza mtu. Kesho yake alirudi na tiketi mbili za safari ya mwisho, maana baada ya hapo kampuni ilikuwa inafungasha kwenda mbugani. Mama na binti wangepaa, Thobias angeendesha gari na kubaki chini. Mpango ulikaa vizuri kabisa.

Walifika uwanjani kabla ya jua, kwenye ile baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita inayong'ata masikio. Evarista alikuwa amevaa sweta mbili na khanga yake kichwani. Thobias aliegesha gari mbali kidogo, akasimama amewapa mgongo kama ilivyo desturi. Nusu ya kijiji ilikuwa imeshajipanga kandokando kumshuhudia bibi wa Hombolo akiruka, na Batholomeo alikuwa mbele ya wote, ameegemea pikipiki yake. Alisema amekuja kuangalia usalama.

Mhudumu, binti wa mjini mwenye koti la kampuni, aliwakusanya abiria. Walikuwemo Wazungu wanne na hawa wawili.

"Kuna mwenye ugonjwa wa moyo? Aliyefanyiwa upasuaji karibuni? Mjamzito?"

Gladness alianza kuzikagua kucha zake.

"Dada?" mhudumu aliuliza.

"Bado ni changa," Gladness alijibu kwa sauti ya chini. "Haijafika hata miezi minne."

Evarista alisikia furaha na hasira zikimpanda kwa pamoja, asijue aanze na ipi. Mjukuu wa tatu, na habari yenyewe anaipata hadharani, mbele ya Batholomeo. Mhudumu alisikitika kwelikweli lakini hakulegeza: mjamzito hapandi. Na kuna la pili. Bibi naye, kwa umri wake, hapandi bila msindikizaji.

Macho yakamgeukia Batholomeo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi? Kitu hakina usukani, hakina breki?"

"Basi yule kaka pale kwenye gari," alisema mhudumu. "Si ni wa kwenu? Tiketi ya dada itamfaa."

Watu wa Hombolo wakatazamana. Mhudumu aliwatazama mmoja mmoja, akaona amekosea ila hajui wapi.

"Yule ni mkwe wake," Gladness alimweleza.

"Sasa si vizuri? Atamwangalia."

"Ndiyo shida yenyewe," alisema Batholomeo, akalirekebisha koti lake. "Hawa hawatazamani. Basi, imeshindikana. Twendeni nyumbani tukanywe chai."

Kama angesema kwa huzuni, pengine Evarista angemfuata. Lakini alilisema neno hilo, imeshindikana, kwa raha ya mtu aliyelala njaa akaamka na kukuta chakula mezani. Evarista alikuwa amelisikia mara nyingi mno. Kusoma kulishindikana. Kurithi ng'ombe wa mumewe kulishindikana. Na kila mara aliyeleta habari alikuwa ameshageuka kwenda kunywa chai.

"Gladness," aliita. "Mwambie mumeo aje. Mimi nitatazama kaskazini, yeye atatazama kusini. Khanga ninayo. Heshima haitapungua."

Gladness alikwenda. Evarista aliinamisha kichwa, akaziona raba nyeupe zikigeuka, zikisita, kisha zikija polepole kwenye majani makavu. Zilisimama mbali naye kiasi cha adabu. Hapo hata Batholomeo alirudi kuegemea pikipiki yake, kwa sababu kaskazini ni kaskazini na kusini ni kusini.

Kosa lao lilikuwa moja. Wote walikuwa wameliona puto likiwa angani, watu wamesimama wima ndani yake. Hakuna aliyewahi kuliona likiondoka chini. Walipofikishwa walikuta puto limetandazwa chini, feni zinalijaza upepo, na lile tenga la abiria, lililosukwa kama matenga ya kuku ila kubwa, limelazwa ubavu.

"Tunaingia tukiwa tumelala, bibi," mhudumu alisema. "Chali, miguu juu. Puto likisimama na ninyi mnasimama."

"Tunalala?"

"Ndiyo. Tenga lina vyumba vinne. Wewe na msindikizaji wako mtalala chumba hiki."

Alilisema kwa sauti ya kazi, kushinda kelele za feni, na uwanja mzima ukasikia. Walale. Chumba kimoja. Mama na mkwewe. Mwanamke mmoja nyuma alijiziba mdomo, vijana wakaanza kucheka, na Batholomeo alikuja mbio mikono juu kama anayezuia gari.

Evarista aliona aibu. Ilimshuka kutoka kichwani hadi magotini, na kwa muda alitamani kwenda hiyo chai. Aliangalia lile tundu. Lilikuwa na upana wa watu wawili, wasio wanene, wasio na la kufichana. Kisha alifikiria miaka yote aliyoingia porini ili mtu apite, miiba aliyoitoa miguuni baadaye, na hasira ikaja ikaisukuma aibu pembeni. Heshima aliishika maisha yake yote. Siku moja tu alipoihitaji imshike yeye, imemwachia.

"Evarista," Batholomeo alisema, kwa jina lake, jambo ambalo hakulizoea. "Ukiingia humo, ukoo utakaa kikao."

"Waambie wakae. Mimi nalala."

Akabana khanga kati ya magoti, akaingia kwa makalio, akajilaza chali na kuinua miguu kama alivyoelekezwa. Anga ilikuwa imeanza kupauka. Kutoka humo ndani sauti yake ilitoka ikiwa na mwangwi kidogo.

"Mwambieni kijana aje alale. Feni za watu zinazunguka bure."

Thobias aliingia. Evarista alisikia tenga likilia, kisha bega likagusa bega, maana hapakuwa na namna. Lilikuwa la moto. Rubani, Mtanzania mmoja mpole aitwaye Denis, alifungulia moto, ukaunguruma juu ya vichwa vyao, tenga likajiinua taratibu, na kabla Evarista hajajua asimamie mguu gani, kijiji kilikuwa chini yake.

Hakuna aliyemwambia kwamba kule juu hakuna upepo. Alitegemea kupigwa na baridi, kumbe mtu anasafiri pamoja na upepo wenyewe na khanga haichezi hata ncha. Majogoo wa Hombolo walisikika mmoja mmoja. Jua lilichomoza wakiwa wameshapita usawa wa vilima, bwawa likawaka, na hapo akaliona shamba.

Lilikuwa dogo. Hilo ndilo lililompiga kwanza. Mistari ya zabibu ilikuwa michache, imepinda upande wa korongo, na nyumba, zizi na kaburi jeupe la Henry vyote vingefunikwa na kiganja. Hiki kipande ndicho kilichomla mgongo. Alitaka kulia, kisha akakumbuka kwamba kila mstari ule aliupanda mwenyewe, Henry akiwa machimboni miaka na miaka, na kwamba kutoka huku hakuna shamba jingine lililonyooka kuliko lake, ukiacha hapo kwenye korongo. Lilikuwa dogo na lilikuwa lake. Alitaka kumwambia mtu.

Nyuma yake alisikia mnong'ono. Thobias alikuwa anaomba kwa Kigogo, haraka haraka, akirudia palepale. Evarista alitazama miguu yake kwa mazoea. Raba zilikuwa zimebana pamoja, vidole ndani vinahangaika. Mikono imekamata kamba mpaka mishipa imesimama. Kumbe mtu huyu anaogopa, na amepanda hivyohivyo, na hakuwa na njia ya kumwambia kwamba anaogopa.

"Unatazama kusini?" Evarista aliuliza hewani.

Sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa karibu, nyororo kuliko alivyodhani, ikajibu. "Nimefumba, mama."

"Fumbua."

"Siwezi. Nikifumbua nitaona chini. Na hapa tulivyobanana, nikigeuka kidogo nitakuona wewe."

Moto uliunguruma tena, joto likashuka utosini. Evarista alivua khanga, akaikunja, akaipachika kwapani.

"Nione basi," alisema. "Nimechoka kutoonekana."

Aligeuka yeye kwanza. Alikutana na uso wa kawaida tu, na hilo lilimshangaza, kwa sababu miaka yote alikuwa ameufikiria kama uso wa mtu mkubwa. Mashavu mapana, ndevu zilizonyolewa vibaya kwa haraka ya alfajiri, na masikio yaliyochomoza kama vipini vya sufuria. Masikio ya mjukuu wake Joel. Miaka yote alikuwa akiwaambia watu kwamba Joel amechukua masikio ya babu yake Henry, na Thobias wa watu akayasikia na kunyamaza.

Thobias alifumbua jicho moja, kisha la pili. Hakutazama chini. Alimtazama yeye, muda mrefu, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa geuka huku nikuonyeshe shamba."

Walitua uwanda wa mbali, kwa kishindo. Denis alikuwa ameshawaambia wachuchumae na kushika kamba, lakini tenga liligonga, likaruka, likagonga tena na kulala ubavu, na Evarista akajikuta juu ya kifua cha mkwewe, kichwa chini ya kidevu chake. Walianza kucheka. Walicheka hadi Wazungu wa chumba cha pili wakachungulia.

Gari la kampuni lilifika na Gladness, na nyuma yake vumbi la pikipiki ya Batholomeo. Aliwakuta Thobias anamtoa mama mkwe kwa kumshika mikono yote miwili, kichwa cha mama kikiwa wazi, mvi nje. Batholomeo alishuka polepole. Alikuwa amepata muda wa kuipanga hukumu yake njiani.

"Umemgusa mkwe. Umelala naye chumba kimoja, nimeona, watu wameona," alimwambia Evarista. "Kwetu kosa hili linafutwa kwa mbuzi. Analetwa leo, wazee wanamla, waliokosa wanakaa kando. Kisha kila mmoja arudi alipokuwa."

Gladness alimtazama mama yake. Thobias alikuwa ameshaanza kuinamisha kichwa, na mkono wake ukalegea. Evarista aliubana usitoke.

"Mbuzi utampata, shemeji. Chagua mwenyewe zizini, chukua aliyenona. Lakini kando hakai mtu. Mimi na Thobias tutakula sahani moja, na maji ya kunawa nitammiminia mimi."

Batholomeo aliinua kidole kupinga.

"Na maini usiyaguse," Evarista aliendelea. "Najua ni ya msemaji wa ukoo. Leo ni yangu na mkwe wangu."