Vipindi Vinne vya Glavu

Saa mbili asubuhi, Boke alikuwa nyuma ya nyumba yake Kemambo, akikanda mchanga wa dhahabu na zebaki ndani ya karai kwa mikono mitupu. Mtafiti Anold, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikaa kwenye kigoda, daftari magotini, akihesabu kila alipoigusa zebaki. Hakumkataza. Utafiti wake ulikuwa na vipindi vinne: katika cha kwanza alihesabu tu; katika cha pili angegawa glavu za mpira; katika cha tatu angezichukua, aone kama mazoea ya zamani yatarudi; katika cha nne angezirudisha. Boke aliuelewa mpango huo vizuri. Alitaka jambo moja tu: mikono iache kutetemeka kwa sumu ya zebaki, aweze kumfunga binti yake vifungo vya shati la shule.

Glavu zilifika. Siku ya tatu ya kuzivaa, Boke alipaa shibiri moja kutoka ardhini. Kufikia Ijumaa alikuwa usawa wa dirisha, pamoja na jirani yake Waisiko, mwanamke mwenzake aliyepewa glavu, na kuku walipita chini yao bila kugeuza shingo. Waisiko alichuma mapapai kwa mkono. Kwaya yao ya kanisani iliwahamishia mstari wa nyuma. Siku moja upepo ulimchukua Waisiko hadi kijiji cha Nyamwaga, akarudi kwa bodaboda ameshikilia kofia ya dereva, akicheka njia nzima. Heche, mume wa Boke, akaanza kumfunga mkewe kwa kamba ya ndama.

"Legeza kidogo, baba," Boke alisema. "Nataka kuona Kenya."

"Ukimwona shemeji wa huko, usimsalimie," Heche alisema. "Atakuja."

Mikono ya Boke ilitulia. Asubuhi moja alifunga vifungo vyote sita, akianzia cha juu, kilichokuwa karibu naye. Anold alipima kimo cha Boke kutoka ardhini kwa futikamba, akachora grafu.

Kipindi cha tatu kilipoanza, alikusanya glavu. Wanawake hawakushuka, wala hawakugusa zebaki. Mstari wa grafu ulibaki juu, na mstari usioshuka hauthibitishi kitu. Pengine sababu si glavu: pengine ni hewa, pengine ni msimu wa mahindi.

"Shikamoo, mama," Anold alisema akitazama juu. "Naomba mshuke, wiki mbili tu. Msiporudi kama zamani, siwezi kuthibitisha kwamba glavu zinafaa."

Alikuwa mgeni wao, amekula ugali wao wa mtama. Kumnyima kitu kidogo namna hiyo kungewatia aibu.

"Marahaba," Boke alijibu, kisha akamgeukia Waisiko. "Tushuke, asije akafeli huyu."

Walishuka kwa adabu, wakatia mikono mitupu kwenye zebaki. Mstari ulianguka vizuri mno. Chuo kiliandika barua ya pongezi: glavu zimethibitika kufaa, kipindi cha nne hakihitajiki tena, vifaa virudishwe stoo. Anold aliaga nyumba kwa nyumba, akaondoka na boksi lake la glavu.

Wanawake walipaa tena, maana walikuwa wamekwisha kuzoea. Boke sasa huelea usawa wa dirisha, akiinama mpaka mikono mitupu iifikie zebaki ndani ya karai. Vifungo vya shati hufungwa na Heche. Kila asubuhi hukosea kimoja, na hakuna anayehesabu.