Ufunguo Hautumwi

Ditram alipokabidhiwa ule ufunguo aliupokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga. Ufunguo wenyewe sasa! Wa kufuli la kawaida tu, umefungwa uzi wa kiatu, meno yameliwa. Lakini miezi mitano yote alikuwa anausubiri, na huku anauogopa.

Waliompa ni wale ambao Mikumi nzima inawaita Wakavu. Watu saba walioacha pombe. Hawana mwenyekiti, hawana katibu, hawana daftari la mahudhurio, na hakuna aliyetoka mahali kuja kuwaunda. Walianza wawili, wakajikuta saba. Kila Jumapili saa tisa mchana wanakutana chumba cha chekechea, wanakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yanakaribia kidevu. Wapita njia wanachungulia dirishani: "Wakavu haooo! Mwenye kiberiti asisogee!" Wao wanacheka, wanaendelea.

Sheria zao ni chache. Ukisema, sema ya kwako, ya jirani muachie jirani. Mwenzako akisema usimshauri wala usimkosoe, unamwambia tu "tumekusikia." Asiyekuja hafuatwi nyumbani. Na mwenye ufunguo wa wiki ndiye anafungua, anafagia, anaanza kusema, anafunga. Asipotokea, wenzake wanakaa kibarazani mpaka jua lizame, halafu kila mtu kwake. Ufunguo hautumwi. Ukishaupokea, umeupokea.

Sasa sikia kilichotokea. Ijumaa, Ditram yuko kijiweni kwake kando ya barabara kuu, anaziba pancha ya lori, akaja Mzee Gabrieli anatembea haraka mpaka kofia imekaa upande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Acha hilo tairi. Wakwe zako wamekubali kukaa! Jumapili saa tisa, Kilosa, kwa baba yake mkubwa Debora, Mzee Hezekia. Debora anashuka kutoka Berega na mtoto."

Ditram akaiachia pampu ya mkono. Debora, mkewe! Mwaka na miezi minne. Alipoondoka na mtoto wao Grace kurudi kwao milimani, alikunja hata pazia. Na Ditram mpaka leo analala upande wa ukutani, ule wa mlangoni hajaugusa, ni wa Debora. Alichokuwa anakikumbuka kuliko vyote ni kitu kidogo cha ajabu: Debora akichagua mchele kwenye ungo, anaongea na mawe. "Na wewe nani kakuleta humu? Toka." Siku nyingine Ditram ananunua nusu kilo ya mchele, anaumwaga kwenye ungo, anaangalia tu.

"Jumapili saa tisa," akasema. "Mzee, mbona mimi nina ufunguo?"

"Ufunguo gani tena?"

Akamweleza. Mzee Gabrieli akacheka. Yeye ndiye mshenga wao, ndiye aliyepeleka posa, na ndiye aliyemwombea Ditram msamaha kwa wakwe mara tatu. Maneno yake yamenyooka kama reli. Mara mbili kati ya hizo tatu Ditram hakuwepo hata kikaoni, alikuwa amelala na viatu.

"Wewe tulia na ufunguo wako. Kule hata ukija huongei. Mdomo ni mimi."

Lakini moyo ulikuwa Kilosa. Jioni ile akaenda kwa Mama Raheli, mmoja wa wale wawili wa mwanzo, anayekaanga maandazi karibu na stendi.

"Mama shikamoo. Naomba unishikie ufunguo Jumapili hii tu."

"Marahaba mwanangu." Hakunyoosha mkono. "Siupokei."

"Kuna kikao cha mke wangu, mama!"

"Nimesikia. Siupokei. Sheria tulipanga wote, na wewe ulinyoosha mkono, tena juu kuliko Abubakari."

"Kwa hiyo nisiende?"

"Nimesema hivyo mimi? Ukienda, tutakaa kibarazani. Hatutakununia. Nimesema tu siupokei." Akageuza andazi. "Chukua moja, la moto hilo."

Ditram akala andazi akiwa amekasirika. Usiku kucha akapiga mahesabu, na mahesabu yakakubali: kule Kilosa upo mdomo wa kumsemea, akienda atakaa tu mlangoni kama gunia. Huku, bila yeye, mlango haufunguki. Kwa hiyo anayehitajika huku ni yeye. Imeisha hiyo! Jumapili asubuhi akamsindikiza Mzee Gabrieli kwenye gari la Kilosa, akamfutia na vumbi begani.

"Mwambie nimebadilika, mzee."

"Nitamwambia vizuri kuliko wewe."

Saa nane na nusu Ditram alikuwa ameshafungua. Akafagia mpaka chini ya kabati la midoli. Saa tisa kamili wote sita wamekaa, wamemtazama. Mwenye ufunguo anaanza.

Akasimama. "Mimi naitwa Ditram. Wiki hii sijanywa. Kulikuwa na sababu ya kunywa na sijanywa." Wakaitikia kwa vichwa. Akajiona mtu kweli. "Leo mke wangu yuko Kilosa. Saa hii hii wamekaa. Nilitaka kwenda, lakini nilikuwa na ufunguo, na ufunguo hautumwi. Lazima mtu aje mwenyewe. Kwa hiyo mimi nimekuja, na kule nimemtuma Mzee Gabrieli ak..."

Neno likakwama hapo hapo.

Hakuna aliyeguna. Abubakari alikuwa anaangalia kucha zake. Mama Raheli alikuwa anaangalia ubao wenye a e i o u. Hawaruhusiwi kumwambia, na hawakumwambia. Afadhali wangemzomea! Ditram akasikia sentensi yake mwenyewe inamrudia, polepole, mpaka masikio yakapata moto.

"Nimemtuma," akasema tena, kwa sauti ndogo. Akakaa.

"Tumekusikia," wakasema wote.

Na hawezi kutoka. Mwenye ufunguo anafunga. Akasema Joyce, akasema Abubakari, na Abubakari akianza habari ya shemeji yake wa Chanzuru hamalizi leo wala kesho. Ditram alisikiliza mpaka mtu wa mwisho, mikono kaibana katikati ya mapaja, maana ndicho alichoahidi. Lakini mwili wake wote ulikuwa umeegemea upande wa Kilosa kama mhindi uliopigwa upepo.

Saa kumi na moja kasoro wakaondoka. Amefunga kufuli tu, simu ikaita.

"Mwanangu," akasema Mzee Gabrieli, na ukisikia anaanza hivyo ujue. "Nimesema mpaka Mzee Hezekia kafuta macho. Akaulizwa Debora sasa. Akauliza, 'Mwenyewe yuko wapi?' Nikamwambia ana kikao. Akanyanyuka, akaenda kuosha vyombo. Basi. Tupange tena, mwezi ujao nitakuja na maneno meng..."

"Mzee, asante. Usipange."

Akakata. Namba ya Debora anayo, ila zamani alikuwa anampigia akiwa amelewa, analia, mpaka Debora akaacha kupokea. Tangu awe mkavu hajathubutu. Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ya tatu ikapokelewa.

"Haloo."

"Debora. Ni mimi."

Nyuma yake sufuria zinagongana, na sauti ya mtoto inauliza ni nani, ni nani. Grace! Sauti imekua.

"Umekunywa, Baba Grace?"

"Hapana."

"Sema tena niusikie ulimi."

"Sijanywa. Mwezi wa tano huu."

"Mzee Gabrieli kasema vizuri sana leo," akasema Debora. "Kama siku zote. Ila nimechoka kuombwa msamaha na Mzee Gabrieli. Hajanikosea kitu yule mzee."

Ditram akafungua mdomo. Maneno yaliyonyooka hakuwa nayo hata moja.

"Nilikosea leo. Ilikuwa nije mimi. Nilikosea na zile siku zingine. Ile siku ya pazia nilikuwa macho, Debora. Nilijifanya nimelala."

Sufuria zikanyamaza.

"Nilijua," akasema.

"Nataka kuja Berega."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Sijasema nitarudi."

"Najua."

"Wala sijasema uje." Akavuta pumzi. "Kesho napanda. Keshokutwa nitashinda shamba la juu, navuna maharage na mama. Njia unaijua."

Akakata yeye.

Ditram akabaki kibarazani, simu bado sikioni, kana kwamba kuna kitu kimesalia humo ndani. Njia. Ukishuka pale hospitali unapinda kulia au kushoto? Kuna kijito kwanza, au unaanza kanisa? Mara zote alizopanda ile milima, Mzee Gabrieli ndiye alikuwa mbele, yeye anafuata visigino vyake.

Kidole kikatafuta jina la mzee kwenye simu, kikalifikia, kikasimama juu yake.

Akairudisha simu mfukoni. Atauliza huko huko.