Viatu vya Fundi Bomba

Mtaa mzima ulimwita Bi Keki, na jina lenyewe lilimstahili. Hakukuwa na bibi harusi wa pale aliyekata keki ambayo haikutoka katika oveni yake, lile dude kubwa lililomeza nusu ya chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba yake. Yeye mwenyewe alikuwa amevuka miaka arobaini bila kukata ya kwake, na si kwa kukosa mtu.

Mtu alikuwepo. Fundi bomba, mpole, aliyefiwa na mkewe zamani, alikuja siku moja kuzibua sinki, na tangu hapo sinki lile likawa na tabia ya kuziba kila wiki. Kila alipokuja alivua viatu mlango wa nyuma, akaviingiza ndani na kuvisukumia chini ya meza. Kabla giza halijaingia alivivaa na kwenda zake.

Sababu ya mchezo huu wa kitoto kwa watu wazima ilikuwa wosia. Mzee aliandika kwamba binti yake akae katika nyumba ile hadi atakapoolewa. Siku akiolewa, nyumba iwe ya kaka yake. Mzee alidhani anamlinda, kumbe alimfungia. Bi Keki alimpenda sana baba yake, lakini maneno yale yalimchoma kila alipopamba maua ya sukari kwenye keki ya mwenzake, na aliyachukia bila kuona haya.

Kaka yake, dalali wa magari, hakuzaliwa na subira. Kwanza alimtuma jirani wa nyumba ya mbele achungulie kama kuna viatu vya kiume vinalala pale, apate kudai kwamba dada ameshaolewa. Havikulala. Ndipo akaenda mahakamani kutaka wosia utupwe, maana ulitiwa sahihi na shahidi mmoja badala ya wawili. Alimtangazia kila mwenye masikio kwamba wosia ukianguka, nyumba ni ya mtoto wa kiume, na dada atafute pa kuhamishia oveni yake. Wakili wake aliulizwa kama wosia unavunjika, akajibu unavunjika. Hakuulizwa kitakachofuata, naye hakuwa mtu wa kutoa maneno ya bure.

Kwa miezi mingi Bi Keki aliutetea wosia ule kwa jino na ukucha. Aliogopa kutupwa nje na vyombo vyake, na hofu hiyo haikumpa nafasi ya kuwaza jingine. Mpaka siku moja fundi bomba, akiwa amejikunja chini ya sinki, kichwa hakionekani, akauliza taratibu:

"Hivi huo wosia ukianguka, wewe si bado ni mtoto wa baba yako?"

Kesho yake asubuhi Bi Keki alifunga mlango, akaenda ofisi ya msaada wa sheria kuuliza swali hilohilo. Alirudi akitembea harakaharaka, anacheka peke yake barabarani.

Siku ya kesi kaka alifika na suti mpya. Mnunuzi wa nyumba alikuwa ameshampata. Hakimu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akamuuliza Bi Keki kama bado anapinga ombi.

"Sipingi tena, mheshimiwa," Bi Keki akasema. "Kaka yangu amesema kweli. Shahidi ni mmoja."

Kaka akageuka, akamtazama kwa huruma ya mshindi. Akamnong'oneza asiwe na wasiwasi, atampa muda wa kufungasha. Bi Keki akamshukuru kwa adabu zote.

Hakimu akautangaza wosia kuwa batili. Kisha, bila kupandisha sauti, akaendelea kusoma: marehemu akihesabiwa hakuacha wosia, mali yake ni ya watoto wake sawa kwa sawa, wa kike kama wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Nyumba ni ya wote wawili. Hakuna awezaye kumtoa mwenzake wala kuiuza bila ridhaa yake. Kaka alimtazama wakili wake, na wakili akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

Huko nje kaka alimfuata dada yake mbio.

"Dada, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniambia mimi nihame," akamjibu. Lakini moyo wake ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba hapakubaki nafasi ya kinyongo. "Njoo Jumamosi na wifi. Kutakuwa na keki."

"Keki ya nani?"

"Yangu."

Nyumbani alimkuta fundi bomba amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu mkononi, uso umemsawijika kwa kusubiri. Alimpokonya vile viatu, akapita navyo jikoni, akaipita oveni, akafungua mlango wa mbele na kuvipanga kizingitini, vimetazama barabara.

Jirani wa mbele aliacha kufagia.

"Bi Keki," akaita, "umesahau viatu nje."

"Sijasahau," akasema Bi Keki, akauacha mlango wazi.