Wingu la Maneno la Mama Pole

Kwenye wodi ya wazazi walimwita Mama Pole, kwa kuwa pole yake ilitoka hata kabla mtu hajasema anaumwa. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, na mwaka ule hospitali ilimruhusu arudi chuoni kusomea shahada. Masomo mengine aliyamudu. Kilichomtoa jasho ni makala za utafiti. Alikuwa anasoma ukurasa, anafika chini, hajui juu kulisemwa nini.

Wifi yake, mdogo wa mumewe, aliishi nao na alikuwa msanifu wa mabango kwenye duka la uchapaji. Jumamosi moja mchana alimkuta mezani, makaratasi yametapakaa, chai imepoa.

"Wifi, unasoma au unagombana nayo?"

"Nisomee wewe basi, kama unaona rahisi."

Wifi alivuta kiti, akafungua kompyuta, akanakili makala nzima na kuibandika kwenye programu anayoitumia kazini. Muda si muda maneno yakajikusanya kwenye kioo kama wingu, yaliyotajwa sana yakiwa makubwa, yaliyotajwa kwa nadra yakiwa madogo. Ujumbe. Simu. Wajawazito. Kliniki. Na katikati, kwa herufi nene nyekundu: ongezeko.

"Hili ni wingu la maneno. Linakuonyesha makala inazungumzia nini kabla hujaingia ndani."

Uso wa Mama Pole ulifunguka. "Kumbe ndiyo hivi tu. Wajawazito wakitumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, mahudhurio yanaongezeka."

"Lakini usome kwanza."

"Nitasoma."

Hakusoma. Wiki ile alikuwa na zamu nzito, kitinda mimba wake akashikwa na mafua, na makala ikabaki kwenye mkoba. Siku ya kuwasilisha alisimama mbele ya darasa na wingu lake lililochapishwa kwa rangi, akaeleza bila kigugumizi, hata akatolea mfano kliniki ya kwao. Mhadhiri, mama wa makamo asiyependa makelele, alimsikiliza hadi mwisho.

"Umeeleza vizuri. Sasa tusomee aya ya kwanza ya matokeo."

Mama Pole akafungua makala. "Hakukuwa na ongezeko la mahudhurio..." Akairudia sentensi kwa kidole, akaendelea. Ongezeko lililotarajiwa halikuonekana. Ongezeko lilitafutwa kliniki zote, likakosekana. Neno lilitajwa kila ukurasa, na kila ukurasa lilikanushwa.

"Programu hizi huyatupa nje maneno madogo ya sarufi," alisema mhadhiri. "Na, ya, kwa, si, bila, hakukuwa. Kwazo ni makapi. Utarudia wiki ijayo."

Mtu wa nyuma alificha kicheko ndani ya kikohozi. Mama Pole alirudi kitini, masikio yakiwaka moto.

Nyumbani alimkuta wifi jikoni akimenya vitunguu.

"Umeniuza, wifi yangu."

Akamsimulia. Wifi alianza kucheka, kisha akaona mwenzake hana hamu ya mzaha, akaacha. "Mimi nilisema litakuonyesha makala inazungumzia nini. Sikusema litakwambia inasema nini."

Mama Pole alitaka kukasirika zaidi, akakosa pa kushika. Akachukua kisu, wakamenya pamoja.

"Darasa si kitu," alisema baadaye. "Nilishamwambia msimamizi wa kliniki tuanze kutuma huo ujumbe. Amekubali."

"Kamwambie umekosea."

"Nitaanzaje?"

"Anza na pole. Si ndiyo kazi yako?"

Alikwenda asubuhi yake. Msimamizi alikuna kidevu, akauliza kwa nini basi ujumbe haukusaidia. Mama Pole aliahidi kumletea jibu, na swali hilo lilimuuma kuliko kikohozi cha darasani.

Safari hii alilichukua wingu lilelile, akaandika swali pembeni ya kila neno kubwa. Ongezeko: lipo au halipo? Ujumbe: ulitumwa kwa nani? Simu: za nani? Ndipo akaanza kusoma, akisaka majibu, na kurasa zilizokuwa zikimlaza zikawa na kitu cha kutafuta. Kuelekea mwisho akakuta sentensi moja tu: wanawake wengi waliandikisha namba za waume zao, na ujumbe uliishia huko. Akarudi kwenye wingu kulitafuta neno mume. Lilikuwa pembeni, dogo kama punje ya mchele.

Alipowasilisha tena, alianza na sentensi ile. Mhadhiri alimuuliza maswali mawili matatu, Mama Pole akayajibu, naye akampitisha. Kutoka hapo wenzake wawili walimfuata wakitaka kujua wingu hilo linatengenezwaje. Akawaambia ni rahisi, wifi yake atawaonyesha, ila waje na makala waliyokwisha kuisoma au walio tayari kuisoma.

Wiki iliyofuata, baada ya Mama Pole kumpelekea msimamizi jibu lake, pale mapokezi ya kliniki wajawazito walianza kuulizwa swali jipya baada ya kutaja namba: "Simu hii unakaa nayo wewe?" Wa kwanza kuulizwa alicheka, akasema hapana, ni ya mume wangu, akafikiri kidogo, akatoa namba ya dada yake.