Waya Uliokaa Eda

Mimi ni fundi wa simu, si kadhi, na siku ile nilitaka mtu mmoja tu anielewe hivyo. Ilikuwa mwaka 1968, katika nyumba moja ya mtaa wa Malindi iliyochukuliwa na serikali baada ya mapinduzi. Chini walikaa makarani wa ofisi ya nazi. Ghorofa ya pili alikaa mkurugenzi wao, Bwana Msabah, mtu mkali bila sababu. Katikati alibaki mpangaji wa zamani, Bi Mwanakheri, aliyefiwa na mumewe na kuambiwa kwamba akitoka eda tu, ahame. Hakuwa na pa kwenda.

Kazi yangu ilikuwa kupitisha waya wa simu kutoka chini hadi juu. Kuupitisha nje, Bwana Msabah alikataa. Alisema ofisi yake si uwanja wa kuanikia nguo. Basi lazima upite kwa Bi Mwanakheri.

Nikapiga hodi.

"Hodi yako nshaisikia," alijibu nyuma ya mlango. "Lakini nnakaa eda, mwanangu. Mwanamme haingii."

Nikatoboa dari ya makarani, nikatoboa sakafu ya mkurugenzi, nikasukuma waya mmoja kutoka chini na mwingine kutoka juu. Ncha zote mbili zikatokea chumbani mwake. Nikamwomba aziunge, nyekundu kwa nyekundu.

"Zikiungwa, sauti za wanaume zitapita humu?"

"Ndani ya waya, Bibi."

"Bila ya hodi?"

Nilitamani kulia. Nikapanda kwa Bwana Msabah. Wageni wake walikuwa njiani kuja kuitazama simu mpya, kwa hiyo akasema Bi Mwanakheri apewe simu mbili, moja kila ncha, apokeze maneno mpaka eda iishe. Nikazipandisha dirishani kwa kikapu, nikamwelekeza kuzifunga mimi nikiwa ngazini.

Ikawa hivyo. Bwana Msabah akinguruma, "Mwambie Jaku ni punda, faili liko wapi?" huko chini Jaku, karani mkuu, alisikia: "Mkurugenzi anakusalimu, anauliza hali za watoto, na lile faili ukijaaliwa." Jaku, ambaye zamani alikuwa akificha mafaili makusudi, akaanza kuyapandisha mbio. Bwana Msabah naye akawa anapokea salamu na dua kila mchana. Akanenepa. Hakujua kwa nini anapendwa.

Eda ikaisha. Nikaitwa nije na koleo langu niziunge zile ncha. Bwana Msabah akanyanyua simu mbele yangu.

"Mwambie Jaku apande na askari, wamtoe Bi Mwanakheri."

Tundu nililolitoboa lilikuwa miguuni pangu, na sikusikia neno lolote likishuka kwa Jaku. Bi Mwanakheri akajibu simuni:

"Jaku anasema Bi Mwanakheri hatoki."

"Muulize nani mkubwa hapa!"

"Anasema hajui. Anasema mkubwa anayemjua yeye, yule anayeuliza hali za watoto, hawezi kusema maneno kama haya."

Bwana Msabah akatazama ngazi. Angeweza kushuka mwenyewe. Ngazi zilikuwapo siku zote. Lakini huko chini walikuwa wanampenda mtu mwingine, na akishuka watamwona. Akakaa. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea, nikalirudisha koleo mfukoni.

Akanyanyua simu tena.

"Bi Mwanakheri, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nimwambie nini Jaku?"



"Msalimie."