Majibu ya Damu ya Ridhwani

Shadia, mshonaji wa nguo Kamembe, alitia sahihi karatasi ya kukubali utafiti kwa sababu aliyemwomba alikuwa Mukundwa. Walikulia nyumba jirani, wakasukana nywele. Sasa Mukundwa alikuwa muuguzi wa utafiti, na Ridhwani, mdogo wake Shadia, alikuwa amelazwa hajitambui. Bati la kinu cha mpunga Bugarama lilimkata mguu, maambukizi yakaingia kwenye damu. Madaktari waliyaita sepsisi.

"Tutachukua damu kidogo tuone kama moyo umeguswa," Mukundwa alisema. "Kukiwa na kitu, nitakuambia mimi mwenyewe."

Ridhwani alipona, na baada ya wiki tatu alirudi kinuni kubeba magunia. Hazikupita siku nyingi akaanza kuhema, miguu ikavimba. Mwisho alianguka na gunia mgongoni.

Daktari Mutabazi alimpima moyo, akaona umechoka sana. Akaomba karatasi za utafiti, akazisoma mara mbili.

"Damu ilionyesha hivyo tangu alipolazwa," alimwambia Shadia. "Sepsisi ikishika, moyo unaweza kupunguza kazi ili kujilinda. Kwa wengi unarudi, lakini unataka mapumziko. Hamkuambiwa?"

Shadia alimkuta Mukundwa kwake, anaanua nguo.

"Ulijua?"

Mukundwa alishikilia shuka kifuani. "Nilijua wiki ile ile. Lakini majibu yalikuwa ya utafiti tu, wakubwa walikataza tusiyatoe. Ningefukuzwa, Shadia. Niko na batoto."

"Ulikuja kuchukua gauni lako. Ukamkuta Ridhwani anafunga mzigo wa kurudi kinuni. Ukamwambia safari njema."

Mukundwa alianza kulia. Shadia akaondoka.

Ridhwani sasa anameza vidonge asubuhi na jioni, na anashona vifungo katika duka la dada yake. Gunia hawezi tena. Wiki iliyopita alikuja muuguzi mpya, Tumukunde, kuchukua damu ya mwisho ya utafiti.

"Hapa hamchukui kitu," Shadia alisema.

Ridhwani alikuwa amekwisha kukunja mkono wa shati. "Damu ni yangu, dada. Lakini majibu mnisomee mimi."

"Nitauliza wakubwa," Tumukunde alijibu, akafungua sindano.

Shadia alitoka nje. Alisimama barabarani. Safari hii hakuna aliyemwomba sahihi; hata Ridhwani hakumwuliza kama anakubali.